Hiyo Si Pesa, Ni Mali Kauli

Kijana akitapeliwa mtandaoni, hukumu hutangulia ushahidi. Ametangaza kamera yake, amepata mnunuzi aliyejitambulisha kuwa yuko Ulaya, ametuma mzigo, pesa haikufika. Hatujauliza hata alilipwa kwa njia gani, tayari tumeshamsomea methali: tamaa mbele, mauti nyuma. Ndugu wanaitikia, marafiki wanaitikia, mwishowe na yeye mwenyewe anaitikia, kisha ananyamaza. Naipinga hukumu hiyo. Si ya kweli, na anayefaidika nayo ni tapeli.

Tuanze na hiyo tamaa. Mtu ameandika bei ya shilingi laki tisa. Mnunuzi amekubali laki tisa. Tamaa iko wapi? Wapo matapeli wanaoahidi kuzalisha laki iwe milioni kwa wiki moja, na anayewafuata tunaweza kubishana naye kuhusu tamaa. Lakini muuzaji wa kamera iliyotumika hajaahidiwa utajiri. Ameahidiwa bei yake mwenyewe. Kilichomponza ni imani, na imani hiyo hakuiokota njiani. Amefundishwa, tena na chombo tunachokisifu kila siku.

M-Pesa ilianza Kenya Machi 2007, na Tanzania mwaka uliofuata. Tangu hapo tumelelewa katika sarufi moja ya malipo. Muuza viatu anauliza, "Umetuma?" Simu inalia, anasoma meseji, anakupa mfuko. Habari ya pesa na pesa yenyewe zimekuwa kitu kimoja. Kweli, matapeli wa hapa hapa waliliona pengo mapema wakaanza kutuma meseji za kughushi, na wauzaji nao wakajifunza kutazama salio kabla ya kuachia mzigo. Lakini somo la msingi halikubadilika: salio likionyesha, umelipwa, nenda kalale.

Malipo ya kadi kutoka ng'ambo yana sarufi nyingine kabisa, na hakuna aliyetuketisha darasani kutufundisha. Mwaka 1974, Marekani na Uingereza zote mbili zilipitisha sheria za kumlinda anayenunua kwa mkopo au kwa kadi, na mfumo wa kadi umekua juu ya wazo hilo: mnunuzi akilalamika kwa benki yake, malipo yanaweza kurudishwa. Kwenye PayPal, mnunuzi ana siku 180 za kufungua lalamiko kuhusu alichonunua. Na kama kadi iliibwa, mwenye kadi halali atakapoona makato asiyoyajua atakimbilia benki yake, benki itaivuta pesa, na aliyeshikilia mkono wa mwisho wa kamba ni muuzaji. Salio alilolala nalo Jumatatu, wiki ya tatu limekuwa deni.

Kiswahili kina jina la biashara ya namna hii. Tunaiita mali kauli: chukua mzigo, utanilipa. Wafanyabiashara wa Kariakoo wanaijua, na wa Luthuli Avenue kule Nairobi wanaifanya hata kama wanaiita kwa jina lingine. Lakini tazama wanampa nani. Wanampa mtu ambaye duka lake wanalijua, ambaye mdhamini wake wanasali naye msikiti mmoja au wanakutana naye kwenye mazishi. Hakuna mwenye duka mwenye akili timamu anayempa mali kauli mtu aliyemjua jana kwa sauti tu. Muuzaji wetu wa mtandaoni amefanya hivyo hivyo, lakini bila kuambiwa kwamba ndicho anachokifanya. Kioo cha simu kilimwandikia: umelipwa.

Hapo ndipo tapeli anapofanyia kazi. Hila zake si nyingi, na zote zinakaa katika pengo kati ya kuambiwa umelipwa na kulipwa.

Ya kwanza ni baruapepe inayofanana na ya kampuni ya malipo, nembo na rangi zote zipo, inayosema pesa imeshatumwa ila imeshikiliwa mpaka muuzaji alete namba ya ufuatiliaji wa mzigo. Ujanja wake ni kwamba kampuni hizo kweli huweza kuzuia malipo kwa muda, kwa hiyo uongo umevaa nguo ya ukweli. Tofauti ni moja tu: malipo ya kweli, hata yakizuiwa, yanaonekana ndani ya akaunti yako ukiingia mwenyewe kwa njia yako ya kawaida, bila kubofya kiungo cha kwenye barua.

Ya pili ni malipo yaliyozidi. Mnunuzi anasema ametuma zaidi kwa bahati mbaya, au ameongeza ya wakala wa usafirishaji, anaomba ziada umtumie wakala huyo kwa simu. Malipo yake ni ya kughushi au ya kadi ya wizi. Utakachomtumia wakala ni pesa yako halisi.

Ya tatu ni anwani. Anayelipa yuko London, mzigo uende kwa mpwa wake nchi nyingine kabisa, "ni zawadi ya siku ya kuzaliwa". PayPal inao ulinzi wa muuzaji, lakini moja ya masharti yake ni kwamba mzigo upelekwe kwenye anwani iliyoandikwa katika muamala. Ukimhurumia mpwa, umeutupa ulinzi wako.

Ya nne ni dalali wa uongo. Wawili wasioaminiana wanahitaji mtu wa tatu wa kushika pesa, na hilo ni wazo zuri la tangu zamani. Basi tapeli analipendekeza yeye, na tovuti ya dalali analeta yeye.

Sasa niambie ni wapi katika haya manne tamaa imehitajika. La kwanza linataka utii. La pili linataka uaminifu, kwa maana mwenye tamaa angeibakiza ziada. La tatu linataka huruma. La nne linataka tahadhari! Tunawasuta watu kwa maovu, kumbe walinaswa kwa adabu zao.

Kuna adabu moja zaidi ambayo ni lazima tuiseme wazi. Mnunuzi wa ng'ambo tunamtukuza. Hasumbui kwa bei, anaandika kwa upole, tunamwona ni baraka. Na muuzaji wa Kiafrika anabeba mzigo wa kuthibitisha kwamba si yeye tapeli, maana dunia imezoea kutushuku kabla ya kutusalimia. Tapeli anaujua uchungu huo na anaubonyeza: "Pesa yangu iko kwenu, mbona hutumi? Au ndiyo tabia ya huko?" Kijana anakimbilia ofisi ya usafirishaji ili kulinda jina la nchi. Mtu ameiba kamera kwa kumfanya mwenye kamera ajione mwizi.

Wapo watakaosema mtu mzima ajihadhari, mtandao si mahali pa kulala usingizi. Sawa. Lakini "kuwa makini" si maarifa, ni karipio. Umakini bila kujua pa kutazama ni kukodoa macho gizani. Na kampuni zinazokusanya ada kwenye kila muamala zinajua pa kutazama. Zimeandika, ndani kabisa ya masharti marefu ya Kiingereza, malipo yanarudishwaje na muuzaji analindwa lini. Haziandiki kwenye ukurasa wenye neno umelipwa. Huko zingepaswa kuandika, kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa kama za kiasi chenyewe: malipo haya yanaweza kurudishwa.

Milango nayo ina historia yake. Tangu 2018 Mkenya ameweza kuhamisha pesa kati ya PayPal na M-Pesa, lakini kwa miaka mingi akaunti iliyofunguliwa Tanzania iliweza kulipa bila kuweza kupokea. Ukimfungia mtu mlango wa mbele, atauza kupitia akaunti ya binamu, ya rafiki wa rafiki, na siku ya mgogoro hana pa kulalamika kwa jina lake. Kisha tunamuuliza kwa nini alipita dirishani.

Na tusidhani lawama hii ya wakubwa ni maneno ya mwenye wivu. Januari 2017 Western Union ilikiri makosa mbele ya serikali ya Marekani, likiwemo la kusaidia utapeli uliopitia kwa mawakala wake, ikakubali kutoa dola milioni 586. Sehemu ya fedha hizo ikarudishwa kwa waliotapeliwa. Hawakuulizwa kwanza kama walikuwa na tamaa.

Basi, kwa anayeuza kesho: hesabu malipo yoyote ya kadi kutoka kwa mgeni kuwa mali kauli, na ujiulize kama mtu huyo ungempa mzigo kwa mdomo. Kama jibu ni hapana, dai pesa ihamie benki yako, na uthibitisho uupate kwa benki yako, si kwa picha ya risiti aliyokutumia yeye. Kama kuna dalali, mchague wewe. Ziada usirudishe kwa njia nyingine. Futa muamala wote, alipe upya kiasi sahihi. Anwani ikibadilika baada ya malipo, biashara imekufa. Na ukigundua mapema, ipigie kampuni ya usafirishaji kabla ya kumwandikia mnunuzi. Mzigo ambao haujakabidhiwa mara nyingi unaweza kuombewa urudi, uliokabidhiwa umekwenda.

Sheria zipo. Tanzania ina sheria ya makosa ya mtandao ya mwaka 2015, Kenya ina yake ya mwaka 2018. Lakini sheria hufuata mlalamikaji, na mlalamikaji tumemnyamazisha kwa methali. Aliyeaibika hapeleki baruapepe ile polisi. Haionyeshi kwenye kundi la wauzaji wenzake. Anaifuta usiku, na barua ile ile, neno kwa neno, nembo kwa nembo, inamfikia kijana wa mtaa wa pili anayeuza kompyuta mpakato aliyofanyia kazi miaka mitatu, ambayo ndiyo mtaji wake wote.

Kwa hiyo siku ndugu yako atakapokuja na habari hiyo, iache methali. Muulize: ulionaje kwamba pesa imefika? Mwache aeleze hatua kwa hatua, muombe barua yenyewe, kisha mwandikie mtu mwingine anayeuza kitu wiki hii na umtumie.