Zulia la Kale na Mkono Uliolifuma

Wahenga walinena: usiache mbachao kwa msala upitao. Methali hii hutumiwa kuonya watu juu ya ndoa, kazi na urafiki, hata imekaribia kusahauliwa kwamba kwanza ni habari ya kitu kitandikwacho chini. Mbacha ni mkeka uliochakaa. Msala ni mkeka wa kusalia. Aliyeitunga methali hiyo alitambua kwamba kitu kikuukuu kilicho sakafuni mwa mtu kina haki juu ya mwenyewe. Haki hiyo ndiyo inayobishaniwa leo katika habari ya mazulia ya kale yaliyofumwa kwa mkono, ambayo watu wenye uwezo huyatandika majumbani mwao toka Teheran hata London na New York.

Maoni ya watu juu ya mazulia haya ni ya makundi matatu. Kundi la kwanza huyaita matambara ya bei kali. Kundi la pili huyaita hazina, na kuyaweka kama fedha iwekwavyo kasikini. Kundi la tatu huyatukuza kwa sababu ya umri wake tu. Makundi haya hupingana kwa maneno makali, walakini kosa lao ni moja. Yote yameusahau mkono.

Kwa hivi yafaa kwanza kusema mkono hufanya nini. Nyuzi za mtande huvutwa zikakazwa toka mti wa juu wa kitanda cha mfumi hata mti wa chini. Mfumaji huketi mbele yake, akatwaa uzi wa sufu uliotiwa rangi, akauzungusha katika nyuzi mbili za mtande, akaukaza, akaukata kwa kisu. Hilo ni fundo moja. Safu nzima ya mafundo ikitimia, hupitishwa uzi wa mshindio, ukashindiliwa kwa chanuo zito, na safu nyingine ikaanza. Zulia maarufu la Ardabil, lililofumwa Uajemi katika karne ya 16, lina urefu wa mita 10 na nusu na upana wa mita zaidi ya 5, na mafundo yake hukadiriwa kuwa kiasi cha milioni 25. Lau kazi ile ingaliachiwa mtu mmoja afungaye mafundo 8,000 kila siku, pasipo siku ya ugonjwa wala ya sikukuu, angalihitaji miaka zaidi ya minane. Mwenye kuliita zulia la namna hii tambara, na apige hesabu hiyo kwanza.

Hoja ya kundi la kwanza ni kwamba zulia la mashine ni rahisi, ni safi, na likichakaa hutupwa likanunuliwa jingine. Urahisi huo ni wa siku ya kununua tu. Kitu kinachonunuliwa mara tano katika umri wa mtu mmoja si rahisi, na anayekilipia mara ya tano hukumbuka kwa uchungu ile mara ya kwanza. Mazulia mengi ya mashine hushikwa kwa gundi mgongoni. Gundi ikikauka, zulia limekwisha. Fundo la mkono limeshikwa na mtande na mshindio. Panapotoboka, fundi hutanda nyuzi upya na kufunga tena mafundo yaliyopotea, moja baada ya jingine, na zulia likaendelea kuishi.

Tena iko habari ya macho. Rangi za mazulia ya zamani zilitoka katika mimea na vidudu: nyekundu katika mizizi, buluu katika nili, manjano katika majani na maganda ya komamanga. Sufu ilichovywa chungu baada ya chungu, na hakuna chungu kilichofanana kabisa na mwenzake. Ndiyo maana katika uwanja mwekundu wa zulia la kale jicho huona wekundu uliokolea hapa na uliopungua pale, kama maji ya bahari yanavyobadilika wingu likipita. Miguu na mwanga wa miaka mingi vimeilainisha rangi hiyo pasipo kuiua. Likitandikwa katika chumba chenye kuta nyeupe na viti vichache vya mbao, chumba hutulia. Sauti hupungua ukali, na mgeni hupata mahali pa kutazama asichoke. Mashine hurudia ua lilelile pasipo kosa hata moja, na jicho likiliona ua moja limeyaona yote.

Kundi la pili hukiri uzuri huu, lakini huufungia mlango. Mwezi wa Juni, mwaka 2013, zulia moja la Uajemi la karne ya 17 liliuzwa mnadani New York kwa dola zaidi ya milioni 33. Jina la tajiri wa Marekani aliyekuwa nalo zamani limehifadhiwa, na bei imehifadhiwa hata senti zake. Jina la mfumaji halijulikani. Zulia la Ardabil lina bahati kidogo, kwa kuwa limefumwa ndani yake mwaka 946 wa Hijra na jina la Maqsud wa Kashan. Hata hivyo wataalamu wengi humdhania huyo kuwa msimamizi au mchoraji, na wale waliofunga mafundo hawakutajwa.

Na tamaa ya bei ilimfanya nini zulia huyo? Yalikuwa mawili, pacha. Yote mawili yalikuwa yamechakaa, na katika karne ya 19 moja lilikatwa vipande ili kulitia viraka jingine, lipate kuuzwa zima. Lile lililotiwa viraka lilinunuliwa mwaka 1893 kwa pauni 2,000, kwa ushauri wa William Morris, na sasa limo katika jumba la makumbusho la Victoria and Albert, London. Mwenzake, aliyenyang'anywa mapambo ya pembeni, yumo Los Angeles. Zulia la London hukaa ndani ya kioo, na taa yake huwashwa dakika kumi tu katika kila nusu saa ili rangi isififie. Makumbusho yana haki ya kufanya hivyo, kwa sababu hulitunza kwa ajili ya umma. Mwenye nyumba anayelikunja zulia lake na kulitia sandukuni akingoja bei ipande hana udhuru huo. Nondo hupenda sufu iliyotulia gizani, na siku ya kulikunjua huenda akakuta mtande mtupu. Zulia linalotandikwa, likapigwa upepo, likageuzwa upande kila baada ya muda na kukanyagwa kwa miguu mitupu, huishi kuliko lililofichwa.

Kosa la kundi la tatu ni kubwa zaidi, kwa sababu huonekana kama hekima. Hawa husema ya kale ni dhahabu, wakaishia hapo. Mwaka 1949 wachimbuzi waliokuwa wakiongozwa na Sergei Rudenko walikuta katika kaburi la Pazyryk, milima ya Altai, zulia la mafundo lenye umri wa zaidi ya miaka 2,000. Barafu ililihifadhi, haikulifanya zuri. Lilifanywa zuri na mtu aliyejua kazi yake. Tena, baada ya rangi ya kwanza ya kiwandani kuvumbuliwa Uingereza mwaka 1856, rangi za namna hiyo zilienea hata Uajemi. Nyingi za awali zilififia upesi au zilichuruzika zikipata maji, na serikali ya huko ikajaribu kuzikataza. Zulia lililotiwa rangi mbaya mwaka 1890 lingali baya leo. Limeongeza umri tu.

Kutukuza umri kumezaa hila sokoni. Mazulia mapya huoshwa kwa dawa kali na kuanikwa juani ili yaonekane makuukuu, kwa sababu mnunuzi hulipia miaka na wala halipii kazi. Mkono ukiisha kudharauliwa hivyo, hutafutwa ulio rahisi kuliko yote, nao ni mkono wa mtoto. Ndiyo maana mwaka 1994 Kailash Satyarthi wa Uhindi alianzisha alama ya kutambulisha mazulia yasiyofumwa na watoto. Anayelia juu ya uzuri wa zulia la babu wa watu, kisha akanunua jipya kwa bei isiyoweza kumlisha mfumaji, analizika lile analolisifu.

Ustadi huu haujafa, na dawa yake yajulikana. Tangu mwaka 1981, katika vijiji vya Ayvacık, magharibi ya Uturuki, wafumaji wanawake walirudishiwa elimu ya rangi za mimea iliyokuwa imepotea, na mazulia yao mapya yakapata sifa ng'ambo. Mwaka 2010 UNESCO iliutia katika orodha ya urithi wa wanadamu ustadi wa kufuma wa Fars na Kashan. Orodha ni heshima, lakini mfumaji hanunui unga kwa heshima. Zulia la kale la mwaka 2125 liko kitandani sasa hivi, na kufika kwake huko kwategemea ujira wa mwaka huu.

Huenda mwanafunzi wa pwani ya Afrika ya Mashariki akasema kwamba mabishano haya ni ya matajiri, naye hana zulia. Lakini mkeka anao, au aliulalia utotoni. Kindu zake zilichanwa, zikatiwa rangi, zikasukwa ukili kwa mkono, na ukili ukashonwa, kwa siku nyingi za mwanamke ambaye jina lake halikuandikwa popote. Msomi anayetoa mhadhara juu ya ustadi wa Waajemi, kisha jioni akambishia bei msusi huyo hata akamchosha, hana alilojifunza katika zulia. Mbacha wa methali ulikuwa mpya siku moja, na siku hiyo aliyeusuka alikuwa akingoja kulipwa.