Kamanyola: Kinga zisizo na breki zisishuke Ngomo

Kila asubuhi, kabla jua halijaanza kuchoma tambarare ya Ruzizi, vijana wa kinga huwa tayari wako njiani kwenye barabara ya kitaifa nambari 5. Wengine wanaelekea Luvungi na Sange, wengine wanaingia Kamanyola, na wachache wenye moyo mgumu wametokea juu, Nya-Ngezi, wakishuka Ngomo. Nyuma ya kila mmoja kuna mzigo: gunia la makala, mihogo, mikungu ya ndizi, bidoni za njano zilizofungwa kwa mipira. Mwenye kuziangalia kinga hizo kwa makini ataona kwamba gidoni za nyingi zimebaki chuma kitupu. Vishikio vya breki vimetolewa, fimbo zake hazipo, patini za mpira ziliisha zamani. Kijana akitaka kusimama, anashusha mguu na kubana kandambili yake kwenye tairi.

Katika Kiswahili cha vitabuni, kinga ni kitu cha kumlinda mtu. Huku Kongo neno hilo ndilo jina la baiskeli. Ni bahati mbaya kwamba kinga nyingi za Kamanyola hazimkingi mtu yeyote, si anayeipanda wala anayepita kando yake.

Je, kinga isiyo na breki iachwe ibebe mzigo kwenye barabara hii, na iachwe ishuke Ngomo? Kwa Ngomo jibu ni hapana, bila kuzunguka. Kwa tambarare jibu linahitaji kwanza kuwasikiliza wenye kinga wenyewe, maana si wajinga, na sababu zao zina uzito.

Sababu ya kwanza ni chombo chenyewe. Kinga ya mizigo inayojulikana huku ni ile ya chuma kizito, muundo wa zamani wa Kiingereza ambao India na China wameendelea kuutengeneza. Breki zake si za kamba. Ni za fimbo: mkono unavuta kishikio, fimbo inavuta chuma chenye umbo la kwato, na patini mbili za mpira zinabana janti kwa ndani. Ni breki nzuri kwa mwalimu anayeenda shule na begi moja. Lakini ukiweka gunia mbili nyuma, ukafunga mbao pembeni, ukaiangusha mara tatu kwenye mashimo, fimbo zinapinda. Fimbo ikipinda, patini inasugua janti muda wote, na mwenye kinga anajikuta anasukuma mzigo na breki kwa pamoja. Anachukua spana, anaitoa yote. Siku hiyo kinga inakuwa nyepesi. Anasema atairudisha. Hairudishi.

Sababu ya pili ni mvua. Patini ya mpira kwenye janti ya chuma inashika vizuri ikiwa kavu, lakini ikilowa inateleza kama sabuni, na nguvu yake inapungua sana. Kijana aliyeshuka mara moja wakati wa mvua akabana breki kwa mikono miwili bila kinga kupunguza mwendo hawezi tena kuamini breki. Anaamini mguu wake. Hapo ndipo imani ya kandambili ilipozaliwa. Si ubishi tu.

Sababu ya tatu husemwa kwa fahari: mwenye mguu hahitaji breki. Hii ndiyo inayopaswa kupingwa, maana inaua.

Fizikia ya shule inatosha. Mwendo ukiongezeka mara mbili, urefu wa njia unaohitajika ili kusimama hauongezeki mara mbili, unaongezeka mara nne. Mtu anayekwenda kilomita 30 kwa saa anapita zaidi ya mita nane kila sekunde. Sekunde moja ya kushtuka, kabla hajafanya lolote, mita nane zimekwisha. Akiwa na breki mbili nzuri kwenye njia kavu anaweza kusimama ndani ya mita saba nyingine hivi. Akiwa na breki ya nyuma peke yake anahitaji karibu mara mbili ya hizo. Akiwa na kandambili, hakuna wa kumwekea hesabu, kwa sababu inategemea unene wa plastiki, maji, mchanga, na kama kandambili yenyewe haitachomoka mguuni.

Sasa ongeza mlima. Bukavu iko kwenye mita 1,500 hivi juu ya bahari, Kamanyola iko chini ya mita 1,000. Sehemu kubwa ya tofauti hiyo inamalizwa pale Ngomo, kwenye kona zinazofuatana, ukuta wa mlima upande mmoja na bonde upande mwingine. Kinga na mtu na mzigo, jumla kilo 150, ikiachwa iteremke yenyewe kwenye mteremko wa mita sita kwa kila mita mia, itafika karibu kilomita 50 kwa saa kabla upepo haujaizuia isizidi hapo. Kwa mwendo huo mguu haufanyi kazi ya breki tena. Ukishikwa kwenye rayoni, unavunjika. Na kijana hana njia ya kuchagua pa kuanguka: ni lori linalopanda, ni ukingo, au ni mama mwenye kikapu.

Barabara hii si ya mtu mmoja. Kuanzia Ngomo mpaka Uvira haina nafasi ya waenda kwa miguu. Watoto wa shule, wanawake wanaotoka shamba, mbuzi, pikipiki, malori ya mafuta, vyote viko kwenye ukanda mmoja. Sange haijasahau 2 Julai 2010, lori la mafuta lilipopinduka na moto ukaua watu zaidi ya 230. Dereva wa lori akikutana na kinga inayokuja bila kuweza kusimama ana mambo mawili tu: kuigonga au kuikwepa. Kuikwepa kwa lori lililobeba lita elfu nyingi si jambo dogo.

Kuna wanaosema kwamba hata Ulaya vijana wanaendesha baiskeli bila breki, na wanaonekana kwenye video za simu wakipita katikati ya magari. Ni kweli wapo. Lakini baiskeli zile si sawa na za Kamanyola, na tofauti iko kwenye gurudumu la nyuma. Kinga ya huku ina gurudumu huru: mguu ukitulia, gurudumu linaendelea kuzunguka. Zile za vijana wa Ulaya zina gurudumu lililofungwa na pedali. Gurudumu likizunguka, pedali inazunguka, mguu unazunguka. Kwa hiyo mwendeshaji anaweza kuzuia pedali kwa nguvu ya mapaja na kupunguza mwendo. Baiskeli hizo zilitengenezwa kwa mashindano ya uwanja wa duara, ambako breki zinakatazwa kabisa, kwa sababu anayesimama ghafla mbele ya wenzake atawaangusha wote. Uwanjani hakuna anayekuja mbele yako, hakuna mbuzi, hakuna kona ya Ngomo.

Hata hivyo, zilipotoka uwanjani zikaingia mjini, matatizo yalianza. Februari 2016, London, kijana wa miaka 18 aliyepanda baiskeli ya uwanjani isiyo na breki ya mbele alimgonga mwanamke wa miaka 44 aliyekuwa akivuka barabara. Mwanamke huyo alifariki. Mwaka 2017 mahakama ilimfunga kijana miezi 18, na ilibidi watumie sheria ya mwaka 1861, ya enzi za magari ya farasi, kwa sababu hapakuwa na sheria nyingine iliyofaa. Uingereza inaruhusu gurudumu lililofungwa lihesabiwe kama breki ya nyuma, lakini ya mbele lazima iwepo. Ujerumani inadai breki mbili zinazofanya kazi kila moja peke yake, na mwaka 2009 polisi wa Berlin walizikamata baiskeli za namna hiyo. Kama mapaja ya kijana wa London kwenye barabara ya lami na tambarare hayakutosha, kandambili ya kijana wa Kamanyola aliyebeba makala itatosha vipi?

Hakuna haja ya kwenda mbali hivyo. Goma ina chukudu, ile gari ya mbao ya magurudumu mawili inayobeba kuliko kinga yoyote. Haina mnyororo wala pedali. Lakini wengi wanaoitengeneza hufunga kipande cha mpira wa tairi juu ya gurudumu la nyuma, na mwendeshaji hukikanyaga ili kupunguza mwendo. Fundi wa mbao, bila kiwanda na bila kitabu, aliona kwamba chombo cha kubeba mzigo mlimani lazima kiwe na njia ya kusimama. Ng'ambo ya mto Ruzizi, Rwanda ilipokea mashindano ya dunia ya baiskeli mjini Kigali Septemba 2025, ya kwanza Afrika. Watu hao wanalipwa kwa ajili ya mwendo, na baiskeli zao zina breki za diski mbele na nyuma.

Sheria ya Kongo nayo haiko kimya. Kodi ya barabara ya 30 Agosti 1978 bado ndiyo inayotumika, na nchi, enzi za Zaïre, iliukubali mkataba wa Vienna wa mwaka 1968 kuhusu usafiri wa barabarani. Kifungu cha 44 cha mkataba huo kinataka baiskeli iwe na breki inayofanya kazi vizuri, kengele, na kiakisi chekundu nyuma. Kwa kipimo hicho, kinga ngapi za Kamanyola zingepita?

Lakini hapa ndipo lazima kuwa makini. Wakaaji wa tambarare wanaijua hadithi ya vizuizi. Sheria nzuri ikishushwa barabarani bila utaratibu, inageuka kamba ya kukusanyia franka. Kijana atasimamishwa asubuhi, atatoa kitu, ataendelea bila breki. Jioni atatoa tena, na Ngomo atashuka vilevile. Faini ya namna hiyo haijawahi kuweka patini kwenye janti. Na mara nyingi anayesimamishwa si mwenye kinga. Ni kijana aliyeichukua kwa versement ya kila siku, na mwenye mali yuko nyumbani akisubiri pesa. Anayekula faida ya chombo ndiye anayepaswa kugharamia breki zake. Anayempa kijana kinga isiyo na breki na kumwambia alete versement kamili jioni anampa pia sababu ya kukimbia.

Kwa hiyo jukumu lianze kwa wenye kinga na kwa vyama vya waendeshaji pale vilipo. Mafundi wanaokaa chini ya miti na masanduku yao ya spana wanaijua kazi hii kuliko ofisi yoyote. Fimbo iliyopinda inanyooshwa. Isiponyooka, breki ya kamba inaweza kufungwa badala yake, na kamba haijali mashimo kama fimbo inavyojali. Chefferie ya Ngweshe na viongozi wa groupement wana uwezo wa kukubaliana na mafundi na vyama kuhusu ukaguzi mmoja kwa mwezi, mchana, mbele ya watu, bila pesa kubadilishana mikono. Polisi wa barabarani wawe na kazi moja tu: pale juu, kabla ya mteremko wa Ngomo, asiye na breki ashuke kwa miguu, akishika kinga yake. Hakuna faini. Atembee tu.

Kwa tambarare, kati ya Kamanyola na Luvungi, haitakuwa haki kudai breki mbili kesho asubuhi kwa mtu ambaye kinga ndiyo shamba lake. Moja inayofanya kazi ni mwanzo. Na kwa kinga ya mizigo moja hiyo ikae nyuma, ingawa waendeshaji wa mbio watashangaa. Kwa baiskeli tupu breki ya mbele ndiyo yenye nguvu zaidi, kwa sababu mtu akibana breki uzito wote unakimbilia mbele na gurudumu la nyuma linabaki jepesi. Lakini gunia la kilo 80 juu ya porte-bagage linalikandamiza gurudumu la nyuma chini, na hapo breki ya nyuma inapata pa kushika. Ya mbele ifuate pesa zikipatikana, na kabla ya Ngomo ziwe zote mbili.

Kuna hoja moja iliyobaki, nayo husemwa na wazee wa kazi hiyo: mwenye breki hukimbia zaidi, asiye na breki hushuka kwa adabu. Ina ukweli kidogo. Wapo wanaoshuka Ngomo polepole, mguu mmoja chini, wakivuta kinga nyuma kama mbuzi mkaidi. Lakini adabu hiyo inategemea kijana asiwe na haraka, na versement haimwachi bila haraka. Inategemea pia kandambili isikatike, na kandambili hazina kawaida ya kutoa taarifa. Kwa sasa mvua ikinyesha Nya-Ngezi, barabara ya kona za juu inalowa, na vijana wanaotaka kufika Kamanyola kabla ya giza wanaanza kuteremka.