Beit al-Ajaib ni onyo kwa miji yetu ya kale

Tarehe 25 Desemba 2020, sehemu ya Beit al-Ajaib inayotazama bahari iliporomoka pamoja na mnara wake wa saa pale Forodhani, Unguja. Watu wawili walifariki. Jumba hilo lilikuwa katikati ya ukarabati uliofadhiliwa na Oman.

Sayyid Barghash alilijenga mwaka 1883, wakati Mji Mkongwe haukuwa na jengo la kulifikia kwa urefu. Lilikuwa la kwanza Zanzibar kuwa na umeme, na la kwanza Afrika Mashariki kuwa na lifti. Mwaka 1896 manowari za Uingereza zilipiga mabomu majumba ya Sultani kwa muda usiofika saa moja. Jirani zake waliangamia, lenyewe likabaki wima.

Basi mizinga haikuliangusha. Lililoliweza ni kuchelewa. Majengo ya aina hii yana adui wanaojulikana: hewa ya chumvi hula chuma, na maji ya mvua yakipenya paa, boriti huoza na chokaa hulegea. Mwaka 2012 sehemu ya roshani ilianguka, makumbusho yakafungwa. Kutoka dalili ile hadi maafa ni miaka minane. Mji Mkongwe ulikuwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, lakini orodha haizibi paa.

Sisi wa upande huu tusijione salama. Nyumba za Mji wa Kale Mombasa na za Lamu, mji ulioingia orodha hiyo mwaka 2001, zimejengwa kwa matumbawe, chokaa na boriti zile zile. Nyingi ni za urithi, wenyewe ni ndugu wengi waliotawanyika. Sheria inamzuia mwenye nyumba kubomoa au kubadilisha apendavyo, lakini haimwambii pesa za fundi zitatoka wapi.

Serikali za kaunti zianzie hapo: ukaguzi wa paa kila mwaka kabla ya masika, na fungu dogo katika bajeti la kusaidia familia zisizojiweza. Kuziba paa ni gharama ndogo kuliko kusimamisha upya jumba lililolala chini, na aliyefukiwa na kifusi harudishwi na bajeti yoyote. Wahenga walishasema: usipoziba ufa utajenga ukuta.