Mfuko gani unaumiza ziwa? Piga hesabu upya

Sema ukweli: una mifuko mingapi nyuma ya mlango? Ile ya kitambaa chepesi uliyouziwa supamaketi kwa sababu ule wa jana uliusahau nyumbani. Kama imeshakuwa rundo, basi tuongee.

Tangu Agosti 28, 2017, mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ni haramu Kenya. Faini inaweza kufika Sh4 milioni, au kifungo cha hadi miaka minne. Wengi wetu tukadhani kazi imeisha: ukiacha juala, umeokoa mazingira.

Hesabu haiko hivyo. Mwaka 2011, Shirika la Mazingira la Uingereza lilipima mifuko kuanzia kiwandani hadi jaani. Lilitaka kujua gesi zinazoongeza joto duniani. Ili usichafue hewa kuliko juala lililotumika mara moja tu, mfuko wa karatasi lazima uutumie mara 3, ule wa kitambaa cha plastiki mara 11, na wa pamba mara 131. Eti pamba! Kuikuza, kuisokota na kuifuma hula mbolea na umeme mwingi.

Kwa hivyo turudishe juala? Hapana. Hesabu hiyo haikugusa takataka zinazotapakaa nje, na hapo ndipo wakazi wa Rusinga wanaumia. Kisiwani, kinachopeperushwa na upepo huishia Ziwa Victoria, maji yale yale yenye omena na ngege. Plastiki haiozi, hukatika vipande vidogo na samaki huvimeza. Utafiti uliochapishwa 2016 ulithibitisha plastiki matumboni mwa samaki mmoja kati ya watano, mbuta na ngege, waliotoka soko la Mwanza. Hiyo ni Tanzania, ndiyo, lakini ziwa ni moja.

Karatasi nayo huoza haraka, ila hebu ibebee ngege mbichi uone kama mtafika nyumbani pamoja.

Sasa tazama omena inavyosafirishwa kutoka Rusinga na Mbita. Inapimwa kwa gorogoro, inamiminwa kwenye gunia. Gunia la nailoni ni plastiki pia, lakini halitupwi baada ya safari moja. Likipasuka, linashonwa. Hatari yake huja likizeeka: jua huligeuza nyuzi nyuzi, na nyuzi hizo zikiachwa ufuoni zinaingia majini. Heri kapu au kiondo, ambacho hata kikichakaa kitaoza.

Mwaka 2019 NEMA ilitangaza kupiga marufuku hata ile mifuko ya kitambaa cha plastiki, kwa kuwa mingi ilikuwa hafifu na haikudumu. Ilikuwa na hoja: mfuko unaochanika safari ya tatu hauwezi kufika 11.

Kwa hivyo usikimbilie kununua mwingine wa pamba wa kupigia picha. Chukua mmoja kutoka lile rundo, uukunje, uutie kwenye begi unalotoka nalo kila siku. Kisha anza kuhesabu: moja.