Unga au kura? Muulize msukuma mkokoteni

Juzi hapa Tunduma nilikuwa kwa mama ntilie mmoja karibu na mpaka, nakula wali maharage huku nasikiliza stori za mjini. Bosi mmoja wa mambo ya forodha, kitambi mbele, funguo za gari mezani, akatangaza: "Walalahoi hawana haja na demokrasia bwana. Wape unga tu, watatulia!"

Meza nzima ikacheka. Nami nikacheka, maana soda niliyokuwa nakunywa kalipia yeye.

Kijana mmoja aliyeegesha mkokoteni wake nje akaweka kijiko chini. "Samahani bosi wangu. Wewe ukipata shida unampigia mkubwa simu, mnamalizana. Mimi namba yake sina. Nina kura tu. Sasa na hiyo niiache?"

Kimya! Hata mama mwenyewe aliacha kukoroga sufuria.

Hebu tuvuke hapo Nakonde, kwa majirani zetu wa Zambia. Juni 1990 bei ya unga ilipanda zaidi ya mara mbili. Walalahoi wa Lusaka wakaingia mitaani, watu wakafa. Nani kasema anayelilia unga halilii kura? Kelele za vyama vingi zikazidi, na Oktoba 31, 1991 Frederick Chiluba, kiongozi wa vyama vya wafanyakazi, akambwaga Mzee Kaunda aliyekuwa Ikulu miaka 27. Nyuma yake walikuwepo wafanyakazi, wasomi na matajiri, bega kwa bega.

Kasheshe ikaja baadaye. Mashirika ya umma yakauzwa, maelfu ya wafanyakazi wakakosa kazi. Wenye nazo walishaipata namba ya simu! Mlalahoi akabaki na kile kile kikaratasi chake. Lakini mwaka 2001, Chiluba alipotaka kipindi cha tatu, wananchi walimgomea mpaka akanywea.

Ndiyo maana nasema, mwenye njia ya mkato anaweza kuisifia demokrasia leo na kuisahau kesho. Asiye nayo ataipata wapi nyingine?

Yule kijana alilipia wali wake mwenyewe, akaondoka na mkokoteni wake. Mimi nikabaki na soda ya bosi, haishuki kooni. Safari ijayo nitajinunulia mwenyewe, huenda nami nikapata mdomo wa kusema.

Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda!