Tuupime Moyo wa Mama Kabla ya Kumpima Mtoto

Anapozaliwa mtoto wa kilo moja na nusu, au njiti asiyetimiza wiki 37, maneno huwa mengi. Huyu atasema mama hakula vizuri, yule atasema alibeba ndoo nzito, mwingine atataja jicho la watu. Wachache mno huuliza: moyo wa mama ulikuwa na hali gani? Presha yake je?

Ndugu msomaji, mtoto aliye tumboni hali kwa kinywa wala havuti pumzi kwa pua. Riziki yake yote hupitia kondo la nyuma, na kondo hutegemea damu ya mama. Ndiyo maana damu ya mjamzito huongezeka kwa karibu nusu, na moyo wake husukuma damu zaidi kwa asilimia 30 hadi 50. Siku za kujifungua zinapokaribia, zaidi ya nusu lita ya damu hupita kwenye mji wa mimba kila dakika. Mishipa inayolisha kondo isipotanuka inavyopasa, au moyo ukilegea, mtoto hupata haba na hukua haba. Pengine presha hupanda hata daktari hana budi kumzalisha mama kabla ya siku zake, ili kumwokoa na kifafa cha mimba. Basi tusimlaumu mama kwa sahani yake, ilhali huenda tatizo limo katika mishipa yake.

Tena wapo akina mama ambao mioyo yao iliharibika tangu utotoni. Mtoto huumwa koo, akapewa ndimu na chumvi, hospitali hapelekwi. Baadaye hushikwa na homa ya baridi yabisi, nayo huharibu valvu za moyo kimyakimya. Msichana hukua na kuolewa bila kujua. Mimba ikifika mwezi wa sita au wa saba anahema akitembea hatua chache, usiku hapati usingizi mpaka aegemee mito, na kifua kinambana. Nyumbani anaambiwa, "Vumilia, ndiyo mimba hiyo." Hapana! Huyo ni wa kukimbizwa hospitali siku hiyo hiyo.

Kinga yenyewe huanzia kwenye kipimo chepesi. Muuguzi humfunga mama mkanda mkononi, huujaza upepo, kisha husoma presha. Ikifika 140 kwa 90, hilo si jambo la kupuuza. Mkojo nao hupimwa kuona kama una protini. Shirika la Afya Duniani tangu 2016 linashauri mahudhurio yasiyopungua manane, la kwanza ndani ya wiki 12. Mwanzo huo una sababu: mama aliye katika hatari ya kifafa cha mimba daktari huweza kumwanzishia aspirini ya kiasi kidogo, na dawa hiyo hufaa zaidi ikianza mapema. Anayesubiri tumbo lionekane huenda akaipoteza nafasi hiyo. Na mwenye ugonjwa wa moyo amwone daktari kabla ya kushika mimba, kwani baadhi ya dawa zake hazimfai mtoto.

Enyi akina baba, nauli ya kliniki ni wajibu wenu. Enyi mama wakwe, mpunguzieni mkamwana kazi, wala msimkataze hospitali. Nanyi wazazi, koo la mtoto litibiwe leo, maana binti huyo ndiye mama wa kesho. Twende kliniki mapema, tupimwe, na tuyafuate tunayoambiwa.