Mashauri kwa Madereva: Akiba ya Safari ya Theluji

Watu wengi wa Afrika ya Mashariki na Kongo wamehamia miji ya kaskazini ya Marekani, na baadhi yao huendesha motokaa kila siku kwenda kazini. Dereva aliyezoea matope ya masika anajua taabu ya kunasa njiani; lakini theluji ina hatari zake, na asiyezijua aweza kupoteza maisha karibu na nyumba yake.

Mfano ni mji wa Buffalo, katika jimbo la New York. Tarehe 23 Desemba, 2022, dhoruba kali ilianza huko ikaendelea siku kadhaa. Theluji iliyoanguka penye kiwanja cha ndege ilipata zaidi ya futi nne. Magari ya wagonjwa na ya zimamoto yalinasa kama mengine. Watu zaidi ya 40 walikufa, na baadhi yao walikutwa ndani ya motokaa zao. Msaada haukuweza kufika upesi, na aliyenaswa hakuwa na tegemeo ila vitu alivyovichukua.

Kwa hiyo yampasa dereva kuweka vitu hivi garini kabla ya majira ya baridi:

Kwanza, sepeto ndogo ya kuondolea theluji, na mchanga wa kumwaga chini ya magurudumu yanayoteleza.

Pili, blanketi moja kwa kila abiria, pamoja na kofia, glovu na soksi kavu.

Tatu, chakula kisichoharibika upesi, kama karanga na biskuti, na maji ya kunywa. Chupa isijazwe pomoni, kwa maana maji yakiganda hupanuka na kuipasua.

Nne, tochi, kitambaa chekundu, na nyaya za kuunganisha betri mbili, kwani baridi huipunguzia betri nguvu.

Tena petroli isipungue nusu ya tangi.

Dereva akinaswa, asiliache gari lake. Theluji inayopeperushwa na upepo huficha njia, na mtu hupotea baada ya hatua chache. Afunge kitambaa chekundu mahali pa kuonekana, kisha awashe injini dakika 10 tu katika kila saa ili apate joto.

Lakini kabla ya kuiwasha, ni lazima ashuke aondoe theluji iliyoziba bomba la moshi, na kioo kimoja akiteremshe kidogo. Bomba likiziba, hewa ya sumu huingia ndani ya gari. Haina rangi wala harufu; ni ile ile inayowaua watu waliolala na jiko la makaa katika chumba kilichofungwa.

Vitu hivi vyote vyaenea katika sanduku moja, wala si vya bei kubwa. Mwenye ndugu katika nchi hizo atafanya vema kumkumbusha mapema. Tahadhari kabla ya hatari.